Magunia Kumi na Mawili na Mstari Mwekundu

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo, Dar es Salaam.
Jumamosi, alasiri.

Mke wangu Mama Zuhura,

Mdogo wako Salumu hajafukuzwa kazi, na kazini hajarudishwa. Hayo ameyatamka leo saa sita mchana Ndugu Mkumba, mwenyekiti wa kamati ya wafanyakazi ya bohari ya mchele, mbele ya watu kumi na mmoja. Mimi nilikuwa mmoja wao, nimekaa karibu na mlango. Nimelitanguliza hilo kabla ya salamu kwa sababu nakujua: ungeziruka salamu ukalitafuta, kisha ingekubidi urudi juu kuzisoma.

Sasa salamu. Mimi ni mzima. Kile kikohozi kimekwisha chenyewe. Wewe mgongo unaendeleaje? Uliandika kwamba tangu mhamie kijiji kipya maji mnayafuata mbali zaidi, lakini hukusema mbali kiasi gani, wala nani anakutwisha ndoo. Zuhura jino lake la mbele limeota? Mama mkwe macho yake je? Naomba majibu ya maswali hayo manne, kila moja kwa mstari wake, maana barua iliyopita uliyajibu yote kwa neno "wazima".

Barua yenyewe ilinifikia Jumanne. Ndani ya bahasha mlikuwa na mchanga mwekundu kidogo, sijui ulimwagika kutoka mezani kwako au mkononi. Sijaukung'uta.

Umesema nyumba yetu ni ya nne kutoka ofisi ya kijiji, upande wa mashariki wa barabara, na mlango ni ule ule wa mninga tuliokuwa nao kule tulikohama. Nyumba ya zamani naweza kuizunguka yote nikiwa nimelala hapa: mtungi ulipokaa, dari ilipokuwa inavuja, mahali Zuhura alipochora kwa mkaa. Hii mpya kila nikijaribu kuingia naishia mlangoni, kwa sababu mlango ndio pekee ninaoujua. Dirisha umesema ni moja. Linatazama wapi?

Najua nilikuahidi kwamba Alhamisi iliyopita ningekuwa njiani. Sikuondoka, na sababu ni Salumu. Nitakueleza yote kwa mpangilio ili uweze kumsomea mama mkwe, au usimsomee, kama utakavyoona. Salumu mwenyewe ameomba mama yake asiambiwe. Mimi nimemjibu kwamba barua ni yako na uamuzi ni wako.

Kazi ya Salumu unaijua kwa jina tu, kwa hiyo nianzie hapo. Mchele unatoka ghala kubwa la karibu na reli ukiwa umepimwa. Ukifika bohari ya Kariakoo unashushwa, unapimwa tena, na tofauti ya vipimo hivyo viwili inaandikwa kuwa upungufu. Upungufu haukosekani. Gunia linapumua, linavuja kwenye mshono, linapoteza konzi mbili tatu njiani. Ndiyo maana ofisini kwa meneja kuna jedwali lililobandikwa ukutani, lenye mstari mwekundu kwa kila ukubwa wa mzigo. Mzigo ukipungua chini ya mstari, hakuna neno. Ukiuvuka, mpimaji anaandikiwa. Akiandikiwa mara tatu anasimamishwa kazi, na kamati inaitwa kuamua kama ni mwizi wa chakula cha umma.

Salumu ameandikiwa mara tatu.

Nilikwenda kwa meneja siku ile ile aliposimamishwa. Ni mtu wa adabu, hakunificha kitu. Akanionyesha jedwali kwa ncha ya kalamu.

"Ndugu mwandishi," akasema, "mtaalamu aliyetuchorea hili alituhakikishia kwamba bila mkono wa mtu, mzigo unauvuka mstari mara moja katika mia saba. Shemeji yako amepima mizigo tisini. Amevuka mara tatu. Wapimaji wenzake wanne hawajavuka hata mara moja. Ungekuwa wewe, ungesemaje?"

"Ningeuliza wenzake wanapima nini."

"Mchele."

"Wa lori au wa pikapu?"

"Wa lori. Malori yenye tela, magunia mia mbili. Pikapu za maduka ya ushirika tumempa Salumu kwa sababu ni mgeni. Magunia kumi na mawili tu, mzigo mdogo. Kitu gani kigumu hapo?"

Nilijua tu kwamba nimeuliza swali ambalo hakulitegemea, na kwa kazi yangu hiyo ni dalili ya kuendelea kuuliza. Nikamwomba anionyeshe madaftari ya pikapu ya miaka ya nyuma, kabla ya Salumu. Akakataa: madaftari ni ya kazi, nami ni ndugu wa mtuhumiwa. Hapo alikuwa na haki. Nilirudi gazetini nikamwambia mhariri kwamba kuna habari ya bohari na kwamba mtuhumiwa ni shemeji yangu, kwa hiyo mimi siiandiki. Akampa mwingine, na wakakubaliana kutoandika hadi kamati iamue. Nilichofanya tangu hapo nimekifanya kwa miguu yangu, baada ya saa za kazi.

Salumu nilimkuta barazani kwangu. Amekonda kidogo, ila anakula. Akaniuliza, "Shemeji, wewe unaniamini?"

Nikamjibu, "Naamini daftari."

Akacheka, kicheko kisichofika popote. Ningeweza kumjibu vizuri zaidi. Nakuandikia hilo ulijue kutoka kwangu.

Nikamtaka anieleze siku zile tatu. Alizikumbuka zote. Hamali wa bohari hushusha magunia kwa kulabu za chuma, unajua, wanachoma pembe ya gunia na kulivuta. Mara nyingi kulabu inashika vizuri. Mara mojamoja inachana, na gunia lililochanika halipotezi konzi; linapoteza kilo kadhaa kabla halijafika kwenye mizani. Katika kila siku kati ya zile tatu, magunia mawili yalichanika kwenye mzigo mmoja; likichanika moja tu, mzigo hauvuki mstari.

"Uliandika kwamba yamechanika?"

"Daftari lina safu ya uzito tu. Pa kuandika kuchanika hapana."

"Na mchele uliomwagika ulikwenda wapi?"

Akaanza kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa imefungwa tayari.

"Salumu, nitaulizwa hilo hilo na kamati."

"Shemeji, wewe unajua unakokwenda. Kila mtu Kariakoo anajua. Lakini ukimtaja, bora nifukuzwe."

Nilijua, kweli. Bohari ile tangu ilipokuwa ya mfanyabiashara binafsi hadi ikawa ya umma ina desturi moja ambayo haijaandikwa mahali: kinachoanguka sakafuni ni cha mfagiaji. Mfagiaji ni Bi Tausi, mwanamke wa makamo, mjane, analea wajukuu wanne Buguruni. Anafagia, anapepeta uchafu, anaondoka na alichopata ndani ya kanga. Hakuna aliyewahi kuita huo wizi. Lakini hakuna aliyewahi kuuweka kwenye daftari pia, na kwa hiyo kila punje aliyoifagia Bi Tausi ilihesabiwa kwa jina la Salumu. Mdogo wako alikuwa amelijua hilo tangu siku ya kwanza aliyoandikiwa, na akanyamaza.

Basi nikawa na kazi ya kumtetea mtu bila kutumia utetezi wake.

Hapa anaingia Bi Veronika. Nimewahi kukutajia: yule mpangaji wa chumba cha tatu, mtu wa Peramiho, anayefanya kazi ya takwimu katika ofisi moja kule Posta. Jioni ya siku iliyofuata alikuwa uani anachagua maharage kwenye ungo. Nikamweleza habari ya mstari mwekundu. Alinisikiliza bila kuinua kichwa.

"Baba Zuhura, huo mstari waliuchora kwa kutazama mizigo gani?"

"Ya lori. Kisha wakaupunguza kwa hesabu uitoshe pikapu."

"Walipunguza vizuri?"

"Meneja anasema mtaalamu alipiga hesabu zote."

"Nina hakika alizipiga. Wastani sahihi, mtawanyiko sahihi. Alichokosea ni umbo." Akainua ungo, akautikisa. "Ukijumlisha vitu vingi vidogovidogo visivyotegemeana, jumla zake hujipanga kama kengele. Nyingi katikati, chache pembeni, na ukiijua kengele unajua kila kitu: mara ngapi utavuka hapa, mara ngapi utavuka pale. Ni jambo la kweli na zuri sana. Lakini ni kweli kwa vitu vingi. Kwa vichache ni makisio. Na watu wanasahau kuuliza makisio hayo yamekosea kiasi gani."

"Vingi ni vingapi?"

"Inategemea kimoja kinaweza kuruka mbali kiasi gani. Kama magunia yote yangekuwa yanapoteza konzi mbili au tatu, kumi na mawili yangetosha kabisa. Lakini magunia yako thelathini na tisa hayafanyi kitu, la arobaini linachanika na kumwaga kilo. Mzigo wa namna hiyo kengele yake inalala upande mmoja, ina mkia. Ukiongeza magunia inanyooka, ila polepole. Mzigo ukiwa mara nne, kosa linapungua nusu. Si robo, nusu. Na kosa kubwa liko pale pale meneja alipochorewa mstari wake, ukingoni. Katikati ya kengele hata mimi ningemwamini."

Ile ya gunia moja katika arobaini aliipata kwangu. Mimi niliipata kwa Salumu, na Salumu aliikadiria kwa macho. Nimeyaandika hayo ili usidhani kuna mtu aliyepima.

Bi Veronika akachukua penseli yangu akaandika kwenye karatasi ya sukari. Haikumchukua muda. Kwa magunia kumi na mawili, akasema, ukichukua kadirio hilo la Salumu, mzigo wenye magunia mawili yaliyochanika hautokei mara moja katika mia saba. Unatokea karibu mara moja katika thelathini.

"Na mizigo tisini?"

"Tisini gawanya kwa thelathini, Baba Zuhura. Hiyo hata Zuhura anaweza."

Tatu. Mstari ulisema Salumu ni mwizi kwa sababu amevuka mara tatu, na hesabu ya uani ikasema asiye mwizi angevuka mara tatu. Kisha nikamuuliza kama anaweza kuja kuyasema hayo mbele ya kamati.

"Nikisema hivi hivi watasinzia," akasema. Akatazama ungo wake. "Nitakuja na maharage."

Leo asubuhi basi tukaenda. Kikao kilikuwa ndani ya bohari, madirisha wazi, wajumbe wamekaa kwenye magunia matupu yaliyokunjwa. Bi Tausi alikuwa anafagia upande wa nyuma, kama siku zote. Bi Veronika aliweka kikapu mezani: maharage meupe mia tatu na tisini, mekundu kumi. Alikuwa ameyahesabu mara mbili, nami mara moja.

Ndugu Mkumba akachungulia ndani. "Dada, tumekuja kwenye kesi au kwenye chakula cha mchana?"

"Mekundu ni magunia yaliyochanika, Ndugu Mwenyekiti. Kila mjumbe afumbe macho, achote kumi na mawili, tuyatazame, tuyarudishe, achote mwingine."

"Na nikichota mekundu mawili?"

"Umeandikiwa."

Wakaanza. Nitakuambia ukweli wa mambo kama yalivyokwenda: mwanzo ulikuwa mbaya. Wajumbe walichota kwa zamu, duru baada ya duru, na hakuna aliyepata mekundu mawili. Moja moja, ndiyo; mawili, hapana. Mjumbe wa hamali, bwana mmoja mnene mwenye sauti ya kuita mkokoteni, akasema, "Mekundu yenyewe dada umeyatia, au yamebaki nyumbani?" Watu wakacheka. Salumu alikuwa amesimama karibu na mizani, mikono nyuma. Nilihesabu michoto kumi na tisa. Bi Veronika hakubadilika uso. Alikuwa anaandika kila mchoto kwenye karatasi kana kwamba hana haja na matokeo, na nadhani kwa kweli hakuwa nayo.

Meneja akasimama. "Ndugu Mwenyekiti, huu ni muda wa kazi. Nadhani mchezo umejieleza."

"Bado wewe hujachota," Ndugu Mkumba akamwambia. "Chota, tumalize."

Meneja akakunja mkono wa shati, akafumba macho, akachota. Akahesabu kumi na mawili mezani, moja moja, kama mtu anayelipa. Kati ya hayo mawili yalikuwa mekundu.

Kisha yule hamali akapaza sauti: "Meneja, mikono juu! Mchele wa wananchi umeupeleka wapi?"

Bohari nzima ikacheka. Mwenyekiti aligonga meza na yeye mwenyewe anacheka. Hata meneja alitabasamu, nampa hilo. Salumu hakucheka.

Kicheko kilipoisha, meneja akasema neno la maana, na sitaki ulikose. Akasema: "Nimekubali kwamba maharage yanaweza kufanya hivi. Sijakubali kwamba magunia yanachanika moja katika arobaini. Hilo amelisema mtuhumiwa. Na kama yanachanika, sakafu hii ingekuwa na mchele. Mimi nimekuwa hapa miaka, sijauona. Uko wapi?"

Lilikuwa ndilo swali lenyewe. Mwenyekiti akamgeukia Salumu. "Umesikia. Mchele unaomwagika uko wapi?"

Salumu akatazama mizani. "Sijui, Ndugu Mwenyekiti."

Mimi nilijua. Bi Veronika alijua, maana nilikuwa nimemwambia. Yule hamali alijua, naye akawa anajikuna shingo. Nusu ya watu mle ndani walijua, na kila mmoja akawa anatazama miguu yake. Nimekuwa kwenye vikao vingi, Mama Zuhura, na nakumbuka vichache ambavyo ukimya wake ulikuwa wa watu wengi kiasi kile.

Nyuma yetu sauti ya ufagio ikakoma.

"Uko Buguruni," Bi Tausi akasema. "Tunaula."

Akaja mbele na ufagio wake mkononi. Hakuonekana kuogopa, ila sauti ilikuwa juu kuliko kawaida yake. "Huyu kijana anasema hajui kwa ajili yangu. Anajua. Nyote mnajua. Mama yangu alifagia hapa kabla yangu, na kinachoanguka kilikuwa chake. Kama leo ni wizi, mwizi ni mimi, mwandikeni Tausi. Lakini msimwandike yeye. Zile siku tatu anazosema, mimi nazijua bila daftari. Siku za kawaida napata kibaba. Siku zile nilipata nusu debe."

"Shikamoo, mama," Ndugu Mkumba akasema. Sijui kwa nini alisema hivyo wakati ule. Asubuhi walikuwa wamekwishasalimiana.

"Marahaba."

"Na siku nyingine za namna hiyo zilikuwapo? Kabla ya huyu kijana?"

"Baba, siku za nusu debe zilikuwapo tangu wewe hujajiunga. Hazina mpimaji. Zinakuja zinapotaka."

Hapo ndipo Bi Veronika alipoomba nafasi ya mwisho. Alisema maneno machache, nami niliyaandika yalivyo: "Msiniamini mimi wala maharage. Someni madaftari ya pikapu ya miaka ya nyuma, kabla Salumu hajaja. Kama mizigo ilivuka mstari mara moja katika mia saba, mimi nimekosea. Kama ilivuka kama mara moja katika thelathini, mstari ndio uliokosea."

Meneja akasema wapimaji waliotangulia kwenye pikapu walikuwa hawaandikiwi, kwa sababu mstari wenyewe ni wa mwaka jana. Ndugu Mkumba akamjibu, "Vizuri. Basi hawakuwa na sababu ya kuogopa mstari. Daftari lao litakuwa safi, halina la kuficha."

Ndipo akatamka uamuzi niliouweka juu ya barua hii. Salumu hajafukuzwa, hajarudishwa. Madaftari yatafunguliwa. Atakayehesabu ni katibu wa kamati, pamoja na Bi Veronika, na meneja akiwapo. Mimi nimekatazwa kuyagusa kwa sababu ya undugu, na nimekubali, kwani mimi ndiye niliyemwambia mhariri hivyo hivyo. Habari ya Bi Tausi mwenyekiti ameiondoa kwenye kesi hii. Alichosema ni kwamba kuanzia sasa kinachofagiwa kitapimwa na kuandikwa kwenye safu yake kabla hakijaondoka. Kitaondoka na nani, hilo hakulisema. Bi Tausi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akarudi kufagia.

Tulipotoka, Salumu alirudi ndani kwa Bi Tausi. Nilisimama upande wa soko jipya, chini ya zile paa zake za zege, nikamngoja. Sikusikia walichozungumza. Kupitia dirisha lililo wazi nilimwona anampokea ufagio, na Bi Tausi anamnyang'anya na kumpiga nao mguuni, si kwa nguvu.

Sasa usinihesabie haya kuwa ushindi. Kadirio la Salumu linaweza kuwa si sahihi. Daftari linaweza kusema kinyume. Likisema kinyume, utalisoma kwa mwandiko huu huu.

Kuna jambo jingine, nalo si la bohari. Jioni ile uani, Bi Veronika alipomaliza hesabu yake, aliniuliza kwa nini sijaondoka kwenda kwenu Newala. Nikamwambia safari ni siku tatu. Akaniuliza nimeipataje tatu. Nikamweleza ninavyofanya siku zote: hapa hadi Kibiti wastani wake, kivuko cha Rufiji wastani wake, kisha Nangurukuru, Lindi, Masasi, na kipande cha kupanda kwenda kwenu, najumlisha, naongeza nusu siku ya tahadhari, nakuandikia siku ya kufika.

Akaniambia, "Vipande sita. Na kimoja ni kivuko." Akaendelea kuchagua maharage.

Nilikumbuka mara mbili zilizopita. Nilikuandikia kwamba nitafika Ijumaa, nikafika Jumanne, kwa sababu kivuko kilikuwa kimekatika kamba. Safari ya pili nilikuandikia tena Ijumaa, na malori yalikuwa yamepanga foleni hadi nje ya kijiji cha kwanza kutoka mtoni; nikageuza kwa sababu likizo ilikwisha ningali upande wa huku wa mto. Uliniandikia kwamba Zuhura alikaa kando ya barabara siku tatu na kikombe cha maji cha kunipokea, kila jioni anakimwaga na kila asubuhi anakijaza. Uliandika bila kunilaumu, na mimi nilikujibu habari za kivuko. Sikujibu habari za kikombe. Nilikuwa nimechora mstari wangu mwenyewe, nikaamini kengele kwa vipande sita, na aliyeandikiwa ni mtoto.

Kwa hiyo safari hii sikuandikii siku ya kufika. Mwambie Zuhura asikae barabarani. Wala usinichinjie kuku kabla hujaniona. Nikifika nitaanzia ofisi ya kijiji, nitahesabu nyumba upande wa mashariki, na nikiuona mlango wa mninga nitabisha. Hata ukinijibu habari ya dirisha, barua yako itapishana nami njiani. Acha nilione mwenyewe.

Msalimie mama mkwe, umwambie Salumu ni mzima, maana hilo ni kweli vyovyote utakavyoamua kuhusu mengine. Msalimie shangazi yangu anayesuka mikeka, na umwambie ule alionipa ndio ninaolalia. Msalimie fundi aliyeuhamisha mlango wetu, umshukuru kwa kutouacha kule. Msalimie na balozi wa nyumba kumi, umuulize kama yetu ameihesabu kuwa na watu wawili au watatu. Kama ni wawili, asibadilishe kitu hadi nifike.

Madaftari yanafunguliwa keshokutwa, Jumatatu, saa tatu asubuhi. Katibu anasema yatachukua hadi Jumatano. Salumu akirudishwa, atabaki kazini. Asiporudishwa, nitakuja naye. Mhariri ameniandikia likizo mpya, siku ishirini na nane. Basi la kusini linaondoka Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi, nami nitakuwa ndani yake.

Mume wako,
Baba Zuhura